Bodi: ubao mmoja, kazi nyingi

ASILI YA NENO
Wasomaji wanauliza, Mwalimu anajibu

Swali la kwanza

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa mapokezi katika hoteli moja hapa Arusha. Wageni wakifika naandika daftarini "fulu bodi" au "hafu bodi", kutegemea milo waliyolipia. Ghorofani tuna chumba cha bodi wanamokutana wakurugenzi. Dereva wetu wa safari kila siku ana kesi na taa za dashibodi. Mdogo wangu yuko boding, Moshi. Juzi mgeni mmoja mzee kutoka Uingereza akaniambia kwamba "board" maana yake ni ubao tu. Nikamuuliza, sasa ubao unaliwaje? Akacheka, teksi yake ikafika, akaondoka. Halafu kwenye grupu letu la WhatsApp imekuja habari kwamba Waingereza wa zamani walikuwa wakila juu ya ubao mpaka unachafuka, kisha wanaugeuza wanakula upande wa pili, ndipo wakapata msemo wao wa kugeuza meza. Naomba unisaidie: haya yote ni neno moja? Na hiyo habari ya kugeuza ni kweli?
Binti wa Mapokezi, Arusha

Jibu

Marahaba mwanangu. Umeniuliza swali ambalo nimelibeba moyoni tangu nilipokuwa nafundisha, na utaona kwa nini. Mgeni wako alisema kweli, ila teksi ilimkatisha. Hayo manne uliyoyataja ni neno moja, na mwanzo wake ni ubao.

Kabla sijakupeleka Uingereza, nikupeleke Pangani. Baba yangu alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa kivuli cha mkungu nyuma ya nyumba. Alikuwa na ubao mmoja wa mvule, mpana kama mikono miwili iliyonyooshwa, umelazwa juu ya vigogo viwili. Asubuhi aliupigia randa. Adhuhuri mama akileta chakula, baba alipangusa maranda kwa kiganja, akaweka sahani pale pale, tukala. Jioni vigogo vilitolewa, ubao ukawekwa juu ya mawe karibu na mlango, na wazee watatu wanne wakaja kuukalia, wakazungumza habari za mashamba na kesi za mipaka. Ubao haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kile watu walichokifanya juu yake. Ukilishika hilo, umelishika neno "board" lote.

Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani hawajavuka kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na neno "bord". Lilikuwa jina la mti uliopasuliwa ukawa bapa, yaani ubao. Lakini katika lugha hiyo hiyo lilikuwa pia jina la meza, na la ngao, na la ubavu wa chombo cha baharini. Hilo la ubavu wa chombo wataalamu wanasema awali lilikuwa neno la pembeni, lenye maana ya ukingo, likafanana sauti na lile la ubao hadi yakawa kitu kimoja mdomoni mwa watu.

Ngao ndiyo inayowashangaza wengi, basi tuiangalie kwa karibu. Ngao ya Mwingereza wa wakati ule haikuwa ya chuma. Ilikuwa mbao nyembamba za mti mwepesi, kama ule waliouita "lind", zimegandishwa ubavu kwa ubavu mpaka zikawa duara, zikavikwa ngozi, na katikati pakawekwa kitovu cha chuma cha kukinga kiganja kinachoishika kwa nyuma. Mti ule ulipendwa kwa sababu ukipigwa haupasuki ovyo. Mwaka 991, huko Maldon katika jimbo la Essex, jemadari Byrhtnoth alisimama na watu wake ukingoni mwa mto kuwakabili Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia. Alishindwa, akauawa. Lakini shairi lililotungwa juu ya siku ile limebaki, na ndani yake Byrhtnoth anapotaka kuwajibu maadui, kwanza anainua "bord" yake. Na askari walipobananisha ngao kwa ngao, Kiingereza chao kiliuita mpangilio huo "bordweall", ukuta wa mbao. Maana hii ya ngao imekufa kabisa. Hakuna Mwingereza wa leo atakayesikia "board" akafikiria vita.

Sasa tuje kwenye sahani zako za hotelini.

Ondoa kichwani picha ya meza ya miguu minne iliyokaa chumbani mwaka mzima. Katika kumbi za mabwana wa Uingereza ya zamani, ukumbi mmoja ndio uliokuwa wa kula, wa kuamulia kesi, na usiku watumishi wengi walilala humo humo sakafuni. Nafasi ya kuacha meza imesimama haikuwepo. Wakati wa kula ukifika, vijana waliingiza vigogo vyenye miguu, wakalaza mbao ndefu juu yake, wakatandika kitambaa, watu wakakaa kwenye mabenchi. Wakishakula, kitambaa kinakunjwa, mbao zinainuliwa na kuegemezwa ukutani. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, anapotaka kutuonyesha bwana mmoja mkarimu kupita kiasi, anasema meza yake ilikuwa imesimama ukumbini kutwa nzima, imetandikwa, ikisubiri wageni. Ukarimu wake tunauona kwa kuwa meza haiondolewi! Kwa nyumba nyingine, meza ilikuwa ni kitendo: mbao zikilazwa, watu wanakula, zikiinuliwa, kula kumekwisha.

Kwa hiyo kusema fulani yuko kwenye "bord" ya bwana fulani ilikuwa ni kusema anakula kwake. Neno likahama taratibu kutoka ubaoni likaingia kwenye chakula chenyewe. Sisi watu wa pwani hili halitupi taabu. Kwetu Pangani, mpishi wa harusi haulizi watu wangapi, anauliza sinia ngapi. Sinia ni chombo cha bati, lakini ukisema tumeandaa sinia arobaini, kila mtu anajua unazungumzia wali na nyama, na kwamba kila sinia lina watu wake wanaolizunguka.

Mtu aliyelipia chakula kwenye nyumba ya watu akaitwa "boarder". Nyumba za wapangaji zikatangaza "board and lodging", chakula na malazi. Hapo ndipo inapotoka "fulu bodi" yako, milo yote mitatu, na "hafu bodi", kifungua kinywa na chakula cha usiku. Na ndipo inapotoka boding ya mdogo wako: shule ambayo mtoto analishwa huko huko. Tazama jambo zuri hapa. Waswahili tulipoitafsiri shule ya namna hiyo tuliiita shule ya bweni. Mwingereza alitazama mahali mtoto anapokula, sisi tukatazama anapolala. Wote tumemwona mtoto yule yule.

Tubaki hapo hapo ubaoni, maana wakubwa wanakuja. Ubao ule ule uliolazwa kwa ajili ya chakula ulilazwa pia kwa ajili ya shauri. Wajumbe wa mfalme walikaa kuuzunguka na karatasi zao, na kufikia karne ya 16 neno "board" lilikuwa limeshatoka kwenye meza likawakamata waliokaa mezani. Kuanzia hapo ni safari fupi hadi bodi za biashara, bodi za shule, na kwetu Bodi ya Korosho, Bodi ya Kahawa, Bodi ya Mikopo. Mwanafunzi anayesubiri jina lake litoke Bodi ya Mikopo hamfikirii seremala, lakini seremala yumo.

Na hapa nina deni la kulipa. Miaka mingi iliyopita niliwapa kidato cha pili zoezi la tafsiri, ndani yake mna "board of governors". Kijana mmoja mkimya, wa dawati la nyuma, akaandika "ubao wa magavana". Nilimwekea kosa kwa wino mwekundu na nikasoma jibu lake mbele ya darasa ili wengine wajifunze. Darasa lilicheka. Yeye aliinamisha kichwa na hakunyoosha mkono tena muhula mzima. Ni kweli kwamba tafsiri ile haikuwa sahihi kwa matumizi ya leo. Lakini kijana alikuwa amelifungua neno akaona kilichomo ndani, na mimi mwalimu wake nilikuwa sijawahi kulifungua. Kama anasoma ukurasa huu, namwomba radhi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mfano wa kumsaidia ulikuwa mbele ya kila nyumba ya mtaani kwetu. Baraza ni nini? Ni kile kiti kirefu cha mawe na chokaa nje ya mlango, ambacho watu hukalia jioni. Watu wakikaa barazani wanashauriana, wanasuluhisha, wanatoa habari. Neno likatoka kwenye mawe likawashika watu. Leo tuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Mitihani, na Zanzibar kuna Baraza la Wawakilishi. Kongo nako neno lilibaki zaidi upande wa jengo, hata Kifaransa cha huko kimelichukua: "barza" ni ule ukumbi wa mbele ya nyumba. Hatukuiga kwa Waingereza. Wao walianza na ubao, sisi na jiwe, na tukapita njia ileile kwa sababu pote duniani watu wanaoamua mambo lazima wakae mahali. Wafaransa wana ya kwao vilevile: "bureau" lilikuwa kitambaa kizito cha kufunika meza ya kuandikia, likawa meza, likawa chumba chenye meza, likawa idara nzima ya serikali.

Upande wa bahari nitakueleza kwa ufupi, ingawa kwa mtoto wa Pangani ufupi huo ni mgumu. Vyombo vya zamani vya Ulaya ya kaskazini havikuwa na usukani katikati ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Viliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa upande wa kulia, na upande huo ukaitwa "steorbord", ubavu wa kuongozea, ambao leo ni "starboard". Bandarini chombo kilifunga gati kwa upande wa kushoto ili kasia lisibanwe, na mzigo ukapitia huko, hivyo kushoto kukaja kuitwa "larboard". Fikiria sasa mtu anapiga kelele "starboard!" na mwingine "larboard!" katikati ya dhoruba. Mwaka 1844 wakuu wa jeshi la majini la Uingereza waliamuru "larboard" iachwe na "port" itumike badala yake. Manahodha wetu hawakuwa na tatizo hilo, kwa kuwa usukani wa jahazi uko nyuma katikati, na pande zao walizitaja kwa upepo: upande wa joshi unakotokea upepo, na upande wa demani unakokwenda. Ila ubavu wa chombo cha Kiingereza bado uko nasi. Wageni wako wanaposhuka uwanja wa ndege wakiwa na kipande cha "boarding pass" mfukoni, wamebeba jina la ubavu wa merikebu waliyoipanda angani.

Dashibodi ya dereva wenu ni changa zaidi na habari yake ni nyepesi. Gari la farasi lilikuwa na ubao mbele ya miguu ya dereva, wa kuzuia tope linalorushwa na kwato. Kurusha tope namna ile ni "dash". Farasi waliondoka, injini ikaja, ubao ukabaki pale pale na watu wakaanza kuupachika saa na taa. Na kabati la mapokezi unamofungia funguo? Kamusi zinalirudisha kwenye "cupboard", ambalo mwanzoni halikuwa na milango wala droo. Ilikuwa meza ya kupangia vikombe ili wageni wavione.

Utaniuliza, kama "bord" lilikuwa meza, mbona Mwingereza leo anasema "table"? Neno hilo lilikuja na Kifaransa, kutoka Kilatini "tabula". Na "tabula" maana yake ni nini? Ubao. Ubao mgeni ukamsukuma ubao mwenyeji kutoka mezani, na mwenyeji akabaki na chakula, wakubwa na mashua. Majirani hawakufanya hivyo. Mswidi hadi leo akisema "bord" anamaanisha meza, na wale wageni wako wanaosifia "smorgasbord" wanasifia meza ya mikate iliyopakwa siagi na vitoweo juu. Mholanzi akisema "bord" anaweza kumaanisha sahani. Sisi tulikuwa tumeshapata meza yetu kwa Wareno, ndiyo maana hatukuihitaji ya Waingereza.

Sasa hiyo ya WhatsApp. Si kweli. Mbao za ukumbini ziliinuliwa na kuwekwa kando, kama nilivyokueleza, na chini yake kulikuwa na vigogo. "Tables" lilikuwa jina la michezo ya kete na dadu ya ukoo wa bakgamoni. Kugeuza meza ni kuubadilisha upande ule ubao wa mchezo, aliyekuwa anashindwa akajikuta amekalia nafasi ya mshindi. Mswahili anayejua bao la kete hahitaji kuambiwa zaidi. Na angalia neno letu lenyewe: ubao ukachongwa mashimo 32 ukawa bao, bao likawa mchezo, na sasa mpira ukiingia wavuni uwanja mzima unapiga kelele "bao!" bila mti wowote kuhusika, labda mwamba wa goli tu. Mwanangu, ukiletewa asili ya neno kwenye simu, uliza kwanza kile kitu kilikuwaje. Kilitengenezwa kwa nini, kilikaa wapi, nani alikishika. Habari nyingi za uongo huanguka hapo hapo, kwa sababu aliyezitunga hakuwahi kukiona kitu chenyewe.

Swali la pili

Mwalimu, salaam. Mimi ni fundi wa bodi za malori, Kahama. Nimekusikia siku moja ukigusia redioni kwamba "bodi" ni ubao. Kwenye kazi yetu hii naona ni sawa kabisa, maana bodi za zamani zilikuwa za mbao tupu, na hata leo sakafu ya lori naipiga mbao. Hivyo nami nahesabiwa kwenye ukoo wa wakurugenzi?
Fundi Bodi, Kahama

Jibu

Salaam fundi, na pole na joto la kuchomelea.

Nasikitika kwamba jibu ni hapana, ingawa ushahidi wako ni mzuri kuliko wa wengi. Bodi ya lori haikutoka kwenye "board". Imetoka kwenye "body", yaani mwili, kiwiliwili, ambalo katika Kiingereza cha Kale lilikuwa "bodig". Lori lina injini na chesi, na mwili wake ni hilo unalolijenga wewe. Maneno hayo mawili Mwingereza hayachanganyi, kwa sababu masikioni mwake irabu si zile zile na moja linaishia na konsonanti. Yalipofika kwetu yote yakavaa nguo moja: bodi. Ndiyo maana gazeti likiandika "bodi mpya yazinduliwa", msomaji wa Kahama na msomaji wa Dodoma wanaweza kuona picha mbili tofauti mpaka wasome mstari wa pili.

Lakini sikuachi mikono mitupu. Nilisema juu kwamba "bord" ilikuwa pia ukingo na ubavu. Maana hiyo Wafaransa waliipata kwa Wafranki, watu wa lugha ya ukoo wa Kijerumani waliotawala nchi yao, nao hadi leo husema "bord" wakimaanisha ukingo. Kutokana nalo wakatengeneza neno la pindo la nguo na la kitu kilichozungushiwa kingo, Waingereza wakalichukua, likawa "border", mpaka. Neno likasafiri na mamlaka za kikoloni hadi Busia, pale Kenya inapokutana na Uganda. Kati ya kituo cha upande mmoja na cha upande mwingine kulikuwa na mwendo, na vijana wa baiskeli walibeba watu na mizigo yao kwenye kiti cha nyuma wakiita abiria: "Boda! Boda!" Baiskeli zikawa pikipiki, na kelele ile ya wito ikawa jina la kazi katika miji ambayo haina mpaka wowote karibu.

Kwa hiyo fundi, bodi unayoichomelea si ndugu wa ubao, hata ukiipiga mbao kutoka mbele hadi nyuma. Bodaboda iliyokuleta karakana asubuhi ndiyo ndugu.